Vifuniko Vilivyochanganyika Tawa

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye karakana ya Mzee Kondo pale Kihonda, shikamoo zenu nimezipokea, ingawa najua mmoja wenu amenizidi umri na alinisalimia hivyo kwa sababu tu aliambiwa mimi ni mstaafu. Ni kweli nimestaafu. Nina miaka thelathini na mitano. Mama yangu hapa Mlali akiulizwa na majirani binti yake yuko wapi siku hizi, anajibu, "Amestaafu, yuko kwenye nyanya," na wote wanacheka. Lakini mashine ya kukereza nimeiacha na sitarudi kusimama mbele yake, na sijui neno jingine la hali hiyo.

Mzee Kondo amenitaka niwaandikie kwa sababu mmekuwa mnamsumbua kwa swali moja. Mnataka kujua kwa nini, kabla mzigo wa vipimo haujatoka karakanani, tunachukua vifuniko vyote, vile ambavyo mmevikereza kwa jasho, tunavimwaga kwenye beseni la plastiki na kuvikoroga kama mtu anayeosha maharage. Mnaumia mkiona. Mimi nilikuwa naumia zaidi yenu. Mzee alisema, "Waandikie wewe, Zaituni, maana beseni ni lako."

Basi kwanza mjue mimi ni mtu wa namna gani, la sivyo hamtaelewa. Mimi ni mwoga. Siogopi nyoka wala siogopi giza, naogopa kukosea. Nilikuwa nikipima kipande, narudia kukipima, halafu napima sarafu ninayojua unene wake, ili nihakikishe kalipa yenyewe ninayopimia haijaanza kunidanganya. Siku ya kukabidhi kazi kwa mteja tumbo lilikuwa linaniharibika tangu asubuhi. Wenzangu walikuwa wakiniona naelekea chooni mara ya tatu wanajua leo mzigo unatoka. Jina langu la karakana lilikuwa Msasa, kwa sababu kipande kikishamalizika kwa mtu mwingine, kwangu ndiyo kwanza kilikuwa kinaanza kupigwa msasa.

Nadhani uoga ule ulitokana na kujifundisha mwenyewe. Mtu aliyefundishwa na mwalimu akikosea anaweza kusema niliambiwa hivi. Mimi sikuwa na wa kumsingizia. Nilianza hapa hapa Mlali, kwenye kibanda cha kaka yangu cha kutengeneza pampu za kumwagilia. Alinunua mashine ndogo ya kukereza iliyochakaa, akashindwa nayo, akaniachia. Nikajifunza kwa kutazama video kwenye simu. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye ndevu, mtu wa nchi za mbali, ambaye sikuelewa neno lake hata moja, lakini mikono yake niliielewa. Tatizo ni kwamba alikuwa anajirekodi kwa kamera ya mbele, ile inayogeuza kulia kuwa kushoto, na mimi sikulijua hilo. Nati yangu ya kwanza niliyoitoa kwa mteja ilikuwa inakaza pale ambapo nati zote duniani zinalegea. Mkulima aliirudisha akaiweka mezani.

"Dada, hii nati yako inaswali ikiipa kibla mgongo."

Nililia kwa nati. Leo nacheka, lakini siku ile nilijiapia kwamba hakuna kipande kitakachotoka mikononi mwangu kikiwa na kasoro, na kiapo kile ndicho kilichonifikisha mahali pazuri na mahali pabaya.

Mahali pazuri ni kwa Mzee Kondo. Alikuwa amestaafu kutoka kiwanda kikubwa cha serikali, akafungua karakana yake Kihonda, na siku moja nilimpelekea shafti ya pampu ambayo mashine yangu ilikuwa ndogo mno kuishika. Aliiangalia, akanitazama, akaniuliza nani amekereza ule upande mwingine. Nikamwambia mimi. Akapitisha kucha juu yake taratibu.

"Nani amekufundisha?"

"Simu, mzee."

"Basi njoo ufundishwe na mtu."

Mzee Kondo alinifundisha jicho. Hamtaliona siku hizi kwa sababu mna mashine inayoongozwa na kompyuta, lakini wakati ule kazi yetu yote ilikuwa ukarabati. Mtu analeta shafti iliyolika, au nyundo za mashine ya kusaga, au mhimili wa trekta kutoka mashamba ya miwa. Na katika ukarabati kanuni ni moja: kipande kipya unakikereza kufuata kile kilichopo. Husomi mchoro. Beringi iliyoko mezani ndiyo mchoro wako. Unakereza kidogo, unajaribisha, unakereza kidogo tena, unajaribisha, mpaka kinaingia kwa ule mlio laini ambao mafundi tunaupenda. Kikishaingia, kazi imeisha. Haikuhusu kama kingeingia kwenye pampu nyingine, kwa sababu hakuna pampu nyingine. Kuna ya mteja huyu tu.

Shikeni hilo, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalitoka humo.

Sasa niwaambie alivyoingia Dokta Neema. Ni mtafiti wa chuo kikuu, mwenyeji wa mikoa ya kaskazini, mwanamke anayetembea haraka hata ndani ya chumba. Alikuja na kitu kilichotengenezwa kwa kipande cha bomba la maji la plastiki, kimegandishwa kwa gundi, nyaya zinaning'inia. Akamuuliza Mzee Kondo kama tunaweza kumtengenezea kwa chuma kisichoshika kutu.

"Cha kazi gani?" aliuliza Mzee.

"Kupima unyevu wa pilipili manga."

Mzee akacheka. "Pilipili manga inapimwa kwa jino, Dokta. Huko milimani wanaing'ata. Ikilia imekauka."

"Jino la nani, mzee? La anayeuza au la anayenunua?"

Mzee Kondo akaacha kucheka, akavuta kiti kingine.

Dokta alitueleza. Yeye na wanafunzi wake walikuwa wameshinda maabara misimu kadhaa wakipima pilipili manga kutoka milima yetu ya Uluguru. Wanapima uzito, wanaikausha kwenye tanuri, wanapima tena, na tofauti ndiyo maji yaliyokuwemo. Jibu la tanuri ni la kweli, lakini linachukua muda mrefu na mkulima hana tanuri la namna hiyo. Walichogundua ni kwamba pilipili mbichi na pilipili kavu haziupokei umeme kwa namna moja, na wakijua punje zimebanwa kiasi gani, wanaweza kukisia maji yaliyomo karibu sawa na tanuri, kwa muda wa kunywa funda la chai. Kwa hiyo kipimo chenyewe ni kikombe na kifuniko. Chini ya kikombe kuna bodi ya umeme. Kifuniko kina sehemu inayoshuka ndani kama kinu kinavyopokea mchi, nayo ndiyo inabana punje. Sisi tuliiita kidole.

Chuo kilikuwa na ujuzi wote huo, na kipande cha bomba. Hawakuwa na mtu wa kukereza. Sisi tulikuwa na mashine za kukereza, hatukuwa na kitu kipya cha kutengeneza. Mnaposikia watu wakizungumzia utafiti na viwanda mnaweza kudhani ni kikao kikubwa chenye maji ya chupa. Kwetu ilikuwa viti viwili vya plastiki na mwanamke mwenye haraka.

Kazi nilipewa mimi. Mzee alisema hii inataka Msasa. Nilikereza kikombe, kisha nikakereza kifuniko chake nikikifuata kikombe hicho. Kidogo, najaribisha, kidogo, najaribisha. Kikombe kikitoka kirefu kwa unywele, nilikipa kifuniko chenye kidole kirefu kwa unywele. Kila kimoja kilifungwa na mwenzake na kutoa ule mlio. Nilivipiga msasa ndani na nje, hata kwenye hesi, ile mizunguko ya kufungia, mahali ambapo hakuna atakayeona. Mzee Kondo alipita nyuma yangu akasema, "Zaituni, hicho ni kikombe au bwana harusi?" Lakini alikuwa anafurahi, nilimwona. Dokta alipovijaribu pale chuoni, kimoja kimoja, vyote vilikubaliana na tanuri. Alinipigia simu kunishukuru, na mimi nikatoka chooni kuipokea.

Wakati huo huo mikono ilianza. Kwanza kuwasha, halafu ngozi ya vidole ikawa inapasuka na kutoa maji. Wengine mnajua yale maji meupe ya kupozea yanayomwagika juu ya chuma kinapokatwa. Kuna watu ngozi yao haiyataki, na ya kwangu ni mojawapo. Daktari wa hospitali alinipa dawa ya kupaka akasema pia nivae glovu. Nikamweleza kwamba glovu mbele ya mashine inayozunguka ni kuikabidhi mashine mkono wako, inakamata kitambaa na kuvuta mpaka bega. Na ninyi kama kuna anayedhani atavaa glovu kwenye mashine ya kukereza, atoke sasa arudi nyumbani akiwa mzima. Daktari akafikiri kidogo.

"Basi itabidi uchague kazi nyingine."

Nilimwambia Mzee Kondo jioni ile tukifagia. Alisimama na fagio.

"Na vikombe vya Dokta nani atavitengeneza?"

Nikasema sijui. Ukweli ni kwamba hakukuwa na mtu. Wenzangu wawili walishajaribu, vifuniko vyao vikawa vinacheza. Chuo kilikuwa kimesema kwamba vipimo vikifanya vizuri kwa wakulima msimu mmoja, watatuachia tuvitengeneze sisi, kwa vijiji vingine na mazao mengine. Karakana ingekuwa kiwanda. Vikishindwa, mradi unafungwa na sisi tunarudi kwenye nyundo za mashine za kusaga, ambazo hata hivyo zilikuwa zinapungua kwa sababu madukani zimejaa za kutoka nje. Kiwanda kizima kilikuwa kimening'inia kwenye vidole vyangu kumi, na vidole vilikuwa vinachubuka.

Nitakiri jambo, kwa sababu kuandika kwingine sijui. Nilihuzunika, lakini nilifurahi pia. Hakuna aliyewahi kunihitaji kiasi kile. Nilifunga vidole kwa plasta nikaendelea.

Vipimo vilikwenda Tawa, huko milimani, kwenye kikundi cha kina mama wanaolima na kukausha pilipili manga. Baada ya wiki chache Dokta akapiga simu, na sauti yake haikuwa na haraka, jambo lililonitisha zaidi. Vipimo vinadanganya. Mama mmoja aliambiwa na kipimo kwamba pilipili yake bado mbichi, akaianika na kuianika mpaka ikapoteza uzito wote. Mwingine aliambiwa imekauka, akafunga gunia, likaota ukungu, mnunuzi akalikataa mbele za watu. Kina mama wamerudi kwenye meno.

Tulipanda gari la chuo, Dokta, Mzee Kondo na mimi. Njia nzima nilikuwa nahesabu makosa niliyoweza kuwa nimefanya, na yalikuwa mengi kuliko kona za barabara ile. Tulifika uani kwa Mama Mwanahawa, kiongozi wa kikundi, na kitu cha kwanza nilichokiona ni uchanja wa vyombo. Vikombe vyangu vyote vilikuwa vimepangwa juu yake, vimefudikizwa, vinang'aa juani. Sehemu za bodi zilikuwa zimefunguliwa kwa uangalifu na kuwekwa pembeni penye kivuli, kama tulivyowaelekeza. Vifuniko vilikuwa ndani ya beseni la bluu. Vyote, pamoja.

"Tumevitunza," alisema Mama Mwanahawa kwa fahari. "Kila jioni tunavikusanya, tunaviosha pamoja kama vyombo vya shughuli. Haviingii hata vumbi."

Mzee Kondo alinigeukia. Mimi nilikuwa nimeshakaa chini, kwenye ukingo wa baraza.

"Na mkivifunga asubuhi," Mzee akauliza pole pole, "kifuniko hiki kinakwenda kwenye kikombe kipi?"

"Chochote. Si vyote ni kimoja?"

Nikavuta beseni, nikaanza kuvioanisha kwa kugusa. Nilivijua. Nilikuwa nachukua kifuniko, nakizungusha kwenye kikombe, nasikiliza. Kila nilipopata mlio niliweka jozi pembeni. Kina mama walisimama wakinitazama kama watu wanaotazama mganga. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimepata jozi chache tu, na plasta zilikuwa zimeloa, na chuma cha mwisho nilichokishika kilibaki na alama ya damu.

"Kumbe kila kifuniko kina mama yake?" alisema Mama Mwanahawa. "Mbona hamkutuambia? Tungepaka rangi ya kucha."

Mnaotoka mbali pengine hamjui. Kwenye shughuli, watu wakiazima sufuria na masinia ya majirani, kila mwenye chombo anakiwekea alama yake chini: rangi ya kucha, uzi, mkwaruzo wa msumari. Vyombo mia vinaoshwa kwenye beseni moja na jioni kila kimoja kinarudi nyumbani kwao. Niliposikia hivyo nilifufuka. Nikasema, "Dokta, si ndiyo hiyo? Tunapaka rangi kikombe na kifuniko chake, mambo yameisha."

Dokta Neema alikuwa ameinua kifuniko kimoja anakitazama dhidi ya mwanga.

"Hata mimi nimekosea," alisema. "Maabara nilijaribu kila kikombe na kifuniko chake. Sikuwahi kubadilisha. Haikunijia akilini kwamba mtu angebadilisha." Kisha akaniambia, "Zaituni mdogo wangu, rangi ya kucha itatatua shida ya hapa Tawa. Kifuniko kikipotea je?"

"Nitakereza kingine."

"Utakuja na mashine mpaka huku, ukifuate kikombe?"

"Wataniletea kikombe."

"Na kijiji kingine? Na kingine?" Akaitazama mikono yangu, na akaacha hapo.

Mama Mwanahawa ndiye hakuacha. "Mimi sufuria yangu namba sita kifuniko kikipotea, naenda sokoni nanunua cha namba sita, kinaingia. Hiki chenu nikikipoteza ndiyo nimekuwa mjane?"

Kina mama walicheka, Mzee Kondo akacheka, na mimi nikajaribu.

Tulirudi na vyote chuoni. Hapo sasa ndipo nilipouona utafiti kwa macho yangu, maana kabla ya hapo nilidhani ni kujua mambo mengi. Wanafunzi wa Dokta walichukua vikombe vyangu na vifuniko vyangu wakavipima kila mahali kwa vyombo ambavyo sijawahi kuviota: upana, kina, unene, hesi, hata ule mng'aro. Kisha wakavichanganya makusudi, kila kifuniko kwenye kila kikombe, kwa pilipili ile ile, na kila mara wakaandika kipimo kimesema nini na tanuri limesema nini. Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko kukereza. Niliwahurumia.

Dokta akaniita kunionyesha kwenye kompyuta. Kila jambo nililolihangaikia lilikuwa na picha yake ya vidoti. Akaanza na upana wa nje. Vidoti vilikuwa vimetawanyika bila mpango. "Haudhuru," alisema. Hesi. "Haidhuru, mradi inafunga." Akafungua nyingine. "Huu ni mng'aro wako wa ndani."

Nikaangalia. Hakukuwa na kitu. Kilichong'aa na kisichong'aa vilisema sawasawa.

Nilijisikia kama mtu aliyekesha akipiga pasi matambara ya kudekia.

"Sasa tazama hapa," alisema. Picha mbili za mwisho vidoti vyake vilipanda kama mlima. Kina cha kikombe na urefu wa kidole. Hizo mbili tu ndizo zinazoamua punje zimebanwa kiasi gani, na punje zikibanwa zaidi kipimo kinadhani zina maji zaidi. "Hapa unywele mmoja unadanganya mtu. Kwingine kote unaweza kukosea kwa unene wa ukucha na asijue mtu."

"Kwa hiyo nilikuwa nakosea mahali pa kupatia."

"Ulikuwa unapatia kila mahali kwa kipimo kimoja," alisema. "Mtu mmoja anaweza hivyo. Kiwanda hakiwezi."

Nimewaandikia maneno yake kama nilivyoyakumbuka kwa sababu ndiyo jibu la swali ambalo wageni wengi wanauliza wakitembelea karakana, kwamba chuo kilitupa nini. Wanatarajia tuseme mashine. Mashine ilikuja baadaye, kwa oda. Chuo kilitupa orodha ya mambo ya kutoyajali. Fundi wa ukarabati hana orodha hiyo, hawezi kuwa nayo, kwa sababu yeye ana pampu moja mbele yake na kila kitu kwenye pampu hiyo kinamhusu.

Tukatengeneza geji. Mnaitumia kila siku, ile fimbo fupi yenye ncha mbili, ncha moja lazima iingie mpaka mwisho na nyingine lazima igome. Ikiingia ile na ikagoma hii, kipande kimefaulu, hata kama sura yake inakuudhi. Hakuna mlio wa kusikiliza. Mzee Kondo aliniambia kwamba katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kulala vibaya kama usiku wa kwanza wa geji. "Nimewafundisha vijana kukaza jicho," alisema, "leo nawaambia jicho wakaliweke kabatini." Lakini alikuwa mwepesi kubadilika kuliko mimi. Mimi niliendelea kupiga msasa kwa siri, mpaka siku moja alinikuta, akanyoosha mkono kama mwalimu anayemnyang'anya mtoto pipi. Nikampa. Akautia msasa mfukoni.

"Kipande kimefaulu geji?"

"Kimefaulu, mzee, ila hapa pembeni pana..."

"Kimefaulu?"

"Kimefaulu."

"Kiache kiende kikafanye kazi."

Ndipo alipoajiriwa Pili, ambaye ninyi mnamjua kama bosi wenu wa zamu. Alitoka chuo cha ufundi, alikuwa na wiki chache tu mbele ya mashine, na alikuwa anaimba akikereza, jambo ambalo mimi lilinitia hofu. Mtu anawezaje kuimba na unywele mmoja unadanganya mtu? Nilikuwa nanyakua vipande vyake navipima mara tatu. Aliniambia, "Dada Zai, geji imeshasema. Unataka nayo iape?" Mikono yangu wakati huo ilikuwa haifungi tena ngumi vizuri.

Siku yangu ya mwisho tulikuwa tunaandaa mzigo wa kwanza mkubwa, vya Tawa vikiwemo. Nusu ya vifuniko nilivikereza mimi, nusu Pili. Mzee Kondo akaja na beseni. Alilinunua sokoni, la bluu, na nadhani alilitafuta makusudi lifanane na la Mama Mwanahawa. Akavimwaga vyote humo, vya kwangu na vya Pili, akaingiza mikono akavikoroga, navyo vikalia kama mawe mtoni. Akamwita mtu wa ofisini, ambaye hajawahi kushika hata tupa, akamwambia afunge kifuniko chochote kwenye kikombe chochote. Dokta alikuwa amekuja na pilipili ya mfuko mmoja, iliyokwisha kupimwa kwenye tanuri, na akawa anaimimina kwenye kila kikombe.

Vyote vilisema namba ile ile. Au niseme ukweli, vilitofautiana kidogo sana, ndani ya kiasi ambacho Dokta alisema hakimdhuru mtu. Mimi niliona ile tofauti. Nikaiacha ipite.

Watu wakaanza kufunga maboksi. Nikabaki kwenye meza, nikawa nachukua kimoja kimoja, nakizungusha kwenye mwanga wa dirisha, napitisha kucha kama alivyofanya Mzee siku ile ya shafti. Nilikuwa natafuta cha kwangu. Kimoja tu. Nilidhani mkono wangu utajulikana.

Mzee Kondo alikuja kando yangu.

"Umekipata?"

"Sijakipata, mzee."

Akachukua kile kilichokuwa mkononi mwangu, akakifunga kwenye kikombe kilichokuwa karibu, akakitia kwenye boksi.

"Basi nenda kanawe mikono."